Kumchagulia Mwalimu spika za santuri: kisa cha sebule moja Ngamiani

Usuli

Mwenye kisa hiki ni mwalimu mstaafu anayeishi Ngamiani, jijini Tanga. Nitamwita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita. Jina lake, namba ya barabara yake na baadhi ya mambo ya familia nimeyaondoa, naye alisomewa maelezo haya akaridhia yatoke. Mimi niliingia kwa mwaliko wa fundi redio anayemhudumia, baada ya pesa kuwa zimeshatumika na kabla hazijatumika tena.

Mwalimu alirithi makasha mawili ya santuri kutoka kwa marehemu kaka yake. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika: taarabu ya Black Star na Lucky Star, na dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zote za Tanga hapahapa. Kuna LP chache, yaani santuri kubwa za mizunguko 33, na chini ya kasha moja kuna santuri nzito za mizunguko 78, za zama za akina Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Hizo za 78 tulikubaliana mapema kuziweka kando. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano yenye ncha ya takriban maikroni 75, wakati sindano ya LP ni ya maikroni 25 au chini ya hapo. Ukiipitisha sindano ya LP humo inakwaruza sakafu ya mfereji, inaumia yenyewe na unasikia uchafu kuliko wimbo.

Taarabu ya Tanga inabeba jambo lililoamua kisa hiki. Black Star walileta gitaa la umeme na gitaa la besi ndani ya taarabu, wakapunguza msururu wa vyombo, wakaacha nafasi pana kwa mwimbaji. Sauti ya Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, inasimama mbele ya vyombo, na shairi ndilo mzigo wote. Mwalimu alifundisha Kiswahili maisha yake yote. Tulipomuuliza anataka nini, alijibu: "Nataka nisikie anachosema. Mvumo ninao wa kutosha barabarani."

Pleya yenyewe ililetwa na mwanawe anayefanya kazi Muskati. Ni mpya, inaendeshwa kwa mkanda, ina kasi mbili za 33 na 45, na ndani yake kuna priamplifaya, yaani kikuza sauti cha awali. Umeme wa Oman ni wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kama wetu, kwa hiyo upande huo hapakuwa na tatizo. Nalitaja kwa sababu wapo wanaoletewa pleya za zamani kutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Zile ambazo mota yake hufuata mapigo ya umeme huzunguka pole huku kwetu kwa karibu asilimia 17, na hata ukibadilisha volteji kwa transfoma, mwimbaji ataendelea kuimba kwa usingizi.

Yaliyotokea

Mjukuu, kijana wa kidato cha nne, ndiye aliyefunga mitambo. Alichukua waya wa pini nyekundu na nyeupe, akaunganisha pleya kwenye sabufa iliyokuwa ikitumika kwa televisheni, akaweka vyote viwili juu ya kabati moja la sebuleni. Sauti ikatoka nyembamba na ya chini sana. Alipoifungulia mwisho, ikaja na mvumo wa umeme. Familia ikahukumu kwamba sabufa ni ndogo.

Wakanunua nyingine, kubwa zaidi, yenye spika tatu ndogo pembeni na maandishi ya maelfu ya wati kwenye boksi. Hali ikawa ileile. Siku kadhaa baadaye mjukuu aligeuza pleya kusafisha vumbi, akaona swichi ndogo nyuma yenye maandishi PHONO na LINE. Akaisogeza kwenye LINE. Sauti ikafumuka nyumba nzima, besi ikawa nzito, vioo vya luva vikaanza kulia madirishani, na kila walipopandisha sauti zaidi ya nusu, sabufa ikaanza kunguruma yenyewe, mngurumo unaokua hadi mtu akimbilie kuzima. Mkewe Mwalimu akaamuru pleya ifunikwe kitambaa hadi apatikane mtu wa kuieleza.

Hapo ndipo fundi alipoitwa, naye akanipitia.

Tulichokikuta

Jambo la kwanza tulilomweleza Mwalimu ni kwamba sabufa ya kwanza haikuwa na hatia. Katriji ya pleya ya kawaida, yaani kile kijisanduku kinachobeba sindano, hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Tundu la nyuma ya sabufa linatarajia milivolti mia tatu au zaidi. Isitoshe, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, ili mfereji usipanuke kupita kiasi na ili mchakacho wa sindano ufunikwe. Kanuni hiyo, inayoitwa RIAA, imekuwa kipimo cha pamoja tangu miaka ya 1950. Kazi ya priamplifaya ni kukuza umeme ule mdogo na kuirudisha besi mahali pake. Swichi ikiwa kwenye PHONO, pleya inatoa sauti ghafi: dhaifu, haina besi. Anayeisikia kwa mara ya kwanza lazima afikirie anahitaji sabufa kubwa, na ndivyo familia hii ilivyotoa pesa kununua kitu ambacho hakikuwa kinakosekana.

Lakini swichi ilipowekwa sawa, kasoro nyingine zilijitokeza, na hizo zilikuwa za spika kweli.

Katika kurudisha besi, priamplifaya huzikuza sauti za chini kabisa, za hezi 20, karibu mara kumi kuliko sauti za hezi 1000. Chochote kilichoko chini huko kinakuzwa pamoja nazo: mtikisiko wa mota, mlango uliobamizwa, santuri iliyopinda. Na santuri za Mwalimu zimepinda. Zilikaa miaka chini ya bati, zimelala chali. LP iliyopinda huinua na kushusha sindano kila mzunguko, zaidi kidogo ya mara moja kwa kila sekunde mbili. Sikio halisikii kitu hicho, ila koni ya sabufa, ile sehemu ya spika inayotikisika, inakisikia vizuri. Tulipoondoa wavu wa mbele tuliiona koni ikiingia na kutoka polepole bila sauti yoyote, ikila nguvu ya amplifaya bure. Boksi lenye tundu la hewa huwa baya zaidi katika hali hii, kwa sababu chini ya kiwango cha tundu lake koni haina tena hewa ya kuizuia.

Mngurumo nao ulikuwa na sababu ya wazi. Sabufa na pleya vilikuwa juu ya kabati moja. Sabufa inatikisa kabati, kabati linatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko ule kwa sabufa kama wimbo, na mzunguko unajilisha wenyewe.

La tatu lilinigusa zaidi kwa sababu ndilo lililokuwa likimnyima Mwalimu maneno. Spika ndogo za sabufa ile zilikuwa za inchi tatu. Koni ya namna hiyo haiwezi kubeba sehemu ya chini ya sauti ya binadamu, kwa hiyo mtengenezaji huikabidhi sabufa kila kitu hadi karibu hezi 200. Sauti ya mwimbaji inapasuliwa vipande viwili: kifua chake kinatoka kwenye boksi lililo pembeni, midomo yake inatoka kwenye vikopo vilivyo juu. Mwalimu alisema ni kama mtu anayeimba ndani ya pipa, na hakukosea.

Kuhusu zile wati elfu kadhaa, fundi aligeuza sabufa akamwonyesha kibandiko cha nyuma kinachosema inatumia wati ngapi za umeme. Zilikuwa chini ya mia. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu isiyoingia. Namba kubwa za PMPO zinazoandikwa kwenye maboksi hazina kipimo kinachokubalika popote, na mnunuzi azipuuze kabisa.

Njia zilizokuwepo

Bajeti iliyobaki ilikuwa kama laki tano. Fundi aliazima na kukusanya spika za aina tatu, tukazisikiliza sebuleni kwa Mwalimu, si dukani. Hili tulilishikilia sana. Duka limejaa mabunda na watu, sebule ya Mwalimu ina sakafu ya vigae, kuta za plasta, dari ya jipsamu na makochi manne. Ukipiga kofi moja humo unasikia mlio mkali ukikimbia ukutani. Chumba kina urefu wa kama mita 4, na hiyo peke yake inamaanisha sauti za karibu hezi 43 zitajaa na kuvimba ndani yake, hasa spika ikisukumwa kwenye kona. Sabufa ilikuwa kwenye kona.

Aina ya kwanza ilikuwa jozi ya spika za shughuli, koni ya inchi 12, za mtu anayekodisha muziki wa harusi. Zina sauti, hilo halina ubishi. Lakini zimetengenezwa kurusha sauti mita ishirini uwanjani. Kwa umbali wa mita mbili na nusu, honi yake ya sauti za juu ilimpiga Mwalimu usoni, na kila mkwaruzo wa santuri ukawa tukio. Hazikukaa hata upande mmoja wa santuri.

Ya pili ni spika ndogo zenye amplifaya ndani, koni ya inchi nne, mpya, nzuri kwa macho, zina Bluetooth. Hizi zilitupa kazi. Maneno yalikuwa safi, waya ni mchache, mama wa nyumba alizipenda. Ila gitaa la besi la Black Star lilipotea. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi una hezi 41, na ingawa rekodi za zama zile hazikuwa na besi nyingi huko chini, mwendo wa gitaa husikika vizuri kati ya hezi 60 na 200. Ukiuondoa huo, taarabu ya Tanga inabaki kichwa bila miguu.

Ya tatu ilikuwa jozi ya mtumba, spika za rafuni za koni ya inchi sita na nusu na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kitambaa, boksi limefungwa bila tundu, pamoja na amplifaya ya zamani ya wati 30 kila upande yenye tundu lake la pleya.

Kulikuwa na jozi nyingine ya mtumba, kubwa na ya bei nafuu zaidi, ambayo fundi aliikataa kabla hata ya kuiwasha. Aligusa kwa kidole ukingo unaoishika koni, nao ukamomonyoka. Ukingo wa sponji haudumu katika joto na unyevu wa pwani, hata spika isipopigwa. Ukingo wa mpira hudumu zaidi kwa mbali. Anayenunua spika za mtumba Tanga, Pangani au Bagamoyo aanze na kidole, kisha ndiyo masikio.

Jinsi tulivyoamua

Mwalimu anazijua nyimbo zake kwa moyo. Hilo lilikuwa tatizo, maana ubongo unaojua shairi hujaza maneno ambayo spika haikuyatoa. Na kwa umri wake, sikio limepungukiwa sauti za juu, kama kawaida ya wazee, kwa hiyo spika inayopiga makelele ya twita ingemvutia kwa dakika tano na kuwachosha wengine jioni nzima.

Tukamtumia mjukuu. Hakuwa amewahi kuzisikia nyimbo zile. Tulimpa daftari na kalamu, tukampigia ubeti asioujua kwa kila jozi, wimbo tofauti kila mara, sauti ikiwa ya kiasi kilekile, naye akaandika alichokisikia. Mwalimu akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa sabufa, mjukuu aliandika nusu mistari, na vina vingi vilikuwa vimekosewa, kwa sababu mwisho wa neno ndio unaomezwa kwanza. Kwa spika ndogo za inchi nne alipata karibu kila kitu. Kwa zile za rafuni alipata karibu kila kitu pia, na alipoulizwa gitaa lilikuwa linapiga nini, aliimba mwendo wake kwa mdomo. Mkewe Mwalimu alikuwa jikoni akasema kutoka hukohuko, "Hizo ndizo. Nimesikia kila neno na mlango umefungwa."

Wati 30 zilimtia mjukuu wasiwasi baada ya elfu kadhaa alizozizoea kwenye boksi. Nilimfanyia hesabu. Spika hizo hutoa sauti ya desibeli 88 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja zikipimwa kwa mita moja. Mtu aliyekaa mita mbili na nusu, spika zikiwa mbili, anapata zaidi ya desibeli 80 kwa wati hiyo moja, na hapo mazungumzo yameshaanza kuwa magumu. Kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Kwa sebule ile wati 30 ni akiba.

Kikwazo kimoja kilijitokeza kabla ya malipo. Kwa santuri za mono, yaani zinazotoa sauti ileile kwenye spika zote mbili, ambazo ndizo nyingi za Mwalimu, sauti ya mwimbaji inatakiwa isimame katikati ya spika mbili. Haikusimama. Ilitapakaa, na besi ilikuwa chache kuliko tulivyotarajia kwa koni ile. Fundi alichukua betri ya tochi ya volti 1.5, akagusisha chanya kwenye pini nyekundu ya kila spika. Koni moja ilitoka nje, nyingine iliingia ndani. Aliyewahi kuifungua zamani alirudisha waya kinyume ndani ya boksi. Fundi akageuza nyaya za spika hiyo, na mwimbaji akaja katikati hapohapo. Yeyote anayenunua jozi ya mtumba aende na santuri moja ya mono na betri ya tochi.

Ufungaji

Hapa ndipo kazi ilipochukua muda, na ndipo nusu ya ubora ulipopatikana.

Pleya iliondolewa kabatini. Tulifunga rafu nzito ya mbao kwenye ukuta wa tofali, mbali na spika. Mashimo ya kwanza yalimomonyoka kwa sababu plasta ya nyumba ile ni ya zamani na ina mchanga mwingi, ikabidi kutumia plagi ndefu zinazofika kwenye tofali. Sakafu zetu za saruji zina faida hapa: mtu akitembea sindano hairuki, tofauti na nyumba za sakafu ya mbao.

Seremala alitengeneza stendi mbili za sentimita 65 ili twita zilingane na masikio ya mtu aliyekaa. Spika zilisimama mita 1.8 kati yake, sentimita 40 kutoka ukutani, zimegeuzwa kidogo kuelekea kiti cha Mwalimu. Kugeuza huko kulimpa sauti za juu anazozihitaji bila kugusa kitufe chochote, na waliokaa pembeni hawakuumizwa nazo. Zulia likatandikwa mbele, pazia zito likafunika luva.

Swichi ya pleya ilirudishwa PHONO, kwa kuwa sasa amplifaya ina priamplifaya yake. Zikifanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja sauti inavurugika. Fundi aliibandika utepe isiguswe. Waya wa ethi wa pleya ulifungwa kwenye skrubu ya amplifaya, na mvumo wa umeme ukaisha.

Matokeo na tathmini

Baada ya miezi kadhaa Mwalimu anasikiliza kila jioni baada ya Magharibi. Mngurumo haujarudi. Anasema amesikia maneno katika nyimbo mbili ambayo kwa miaka alikuwa akiyaimba vibaya, na kwa mwalimu wa Kiswahili hilo ni jambo zito.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuanza na aina ya muziki na msikilizaji kabla ya spika. Mtu mwenye santuri za Tanga za miaka ya 60 na 70 anahitaji koni inayoweza kubeba sauti ya binadamu yote kwa pamoja, kuanzia kifuani hadi midomoni, bila kuigawa. Koni ya inchi sita na nusu ndani ya boksi lililofungwa hufanya hivyo kwa bei ya mtumba. Jaribio la daftari nalo ningelifanya tena kwa yeyote. Lilimaliza ubishi wa familia ambao maelezo yangu ya hezi na desibeli yasingeumaliza.

Kilichoshindikana kwanza ni pesa ya sabufa ya pili. Haikurudi. Imehamia chumba cha mjukuu. Tungeitwa kabla, swichi peke yake ingeiokoa.

Pili, nafasi ya spika haiheshimiwi na maisha ya nyumba. Sikukuu ya Idi wageni walikuja, stendi zikasukumwa ukutani kupisha mikeka, na wiki nzima Mwalimu alilalamika kwamba spika zimeharibika. Fundi alipofika alizirudisha tu mahali pake. Sasa kuna alama za utepe sakafuni.

Tatu, umeme ukikatika na kurudi ghafla, amplifaya hupiga kishindo kwenye koni. Tumewafundisha kuizima mara umeme unapokatika, lakini anayekuwa peke yake nyumbani husahau. Kifaa cha kuchelewesha umeme kinaweza kufungwa, bado hakijanunuliwa.

Nne, mjukuu hajaridhika na LP za dansi. Anasema besi ni chache, na kwa masikio yake ana haki, sebule hii haikufungwa kwa ajili ya dansi. Tulijaribu kuziegemeza spika ukutani hadi sentimita 15. Besi iliongezeka, sauti ya mwimbaji ikawa nzito kidogo lakini bado inasikika. Mwalimu alisikiliza Jamhuri Jazz mara mbili katika hali hiyo, akakubali, kwa sharti kwamba zirudishwe kabla ya taarabu. Kwa hiyo utepe wa sakafuni sasa una rangi mbili, nyeupe kwa taarabu na nyekundu kwa dansi, na anayezisogeza ni mjukuu.